Gari Limelala Gereji Miezi Mingi: Dalili, Chanzo na Tiba

Miongozo mingi ya kulaza gari imetoka nchi za baridi. Huko gari huingia gereji Novemba na kutoka Machi au Aprili, likikwepa theluji na chumvi inayomwagwa barabarani, na mwenye gari huwaza zaidi maji ya rejeta yasije yakaganda na kupasua injini. Uganda theluji iko kileleni Rwenzori tu. Huku gari hulala kwa sababu mwenyewe yuko Dubai kwenye mkataba wa miaka miwili, amekwenda masomoni, anaugua, au anangoja pesa ya kipuri. Zinapita mvua za Machi hadi Mei, zinapita na za Septemba hadi Novemba, gari liko palepale. Adui zake ni unyevu, joto, panya na nyigu.

Madhara makubwa mara nyingi hutokea dakika ile ya kuliamsha. Kiota cha panya ndani ya njia ya hewa ni hasara ndogo, mpaka mtu awashe injini na takataka zivutwe hadi ndani. Breki iliyoganda ni kazi ya saa moja, mpaka mtu alazimishe gari kwa ekseleta. Kwa hiyo ufunguo uwe wa mwisho kuguswa.

Kabla ya kugeuza ufunguo

Piga magoti, mulika chini ya gari. Doa la kijani au la pinki lenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Jeusi ni oili ya injini. Jekundu, mara nyingi, ni mafuta ya gia otomatiki au ya stelingi. Doa la rangi ya chai hafifu upande wa ndani wa gurudumu ni mafuta ya breki, na hilo likionekana gari lisisogezwe hata mita moja kabla ya kutengenezwa. Ukisikia harufu ya petroli, fungua milango ya gereji, betri isiunganishwe, na utafute hozi iliyopasuka au kutafunwa.

Kisha fungua boneti. Tafuta maganda ya karanga, nyasi kavu, vipande vya sponji ya siti, na kinyesi kama punje za mchele mweusi. Fungua sanduku la kichujio cha hewa. Kwenye Toyota nyingi ni vibanio viwili tu. Panya wakiwa wamehamia, utakuta bakuli la duara limefumwa kwa nyuzi za sponji na karatasi, kichujio kimetafunwa pembeni, na mkojo umekauka ukaacha madoa ya njano yenye harufu kali. Usifagie vikiwa vikavu, kwa maana mkojo na kinyesi cha panya hubeba maradhi. Vaa glavu na barakoa, loanisha kwa maji yenye klorini kama Jik, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, ngoja dakika kumi, ndipo uondoe kwa kitambaa. Maji hayo yasifike kwenye kihisi cha hewa wala viungio vya waya.

Chomoa kijiti cha oili. Oili ya kawaida ni ya kahawia au nyeusi. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, na injini isiwashwe. Ikiwa kiwango kimepanda juu ya alama na inanuka petroli, injekta imekuwa ikivuja, basi badilisha oili kwanza. Tazama pia maji ya rejeta, mafuta ya breki na mdomo wa ekzosi. Wadudu hupenda sana bomba la ekzosi.

Gari lililolala zaidi ya miezi sita linahitaji hatua moja zaidi. Oili imeshuka yote kutoka kwenye kuta za silinda, na pale ringi za pistoni ziliposimama panaweza kuwa na kutu nyembamba. Chomoa plagi zote. Tia oili safi ya injini mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, katika kila tundu. Acha usiku mmoja. Asubuhi weka soketi kwenye bolti ya puli ya chini na uzungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa upande uleule injini inaozungukia. Injini nyingi huzunguka kama mshale wa saa ukizitazama upande wa mkanda. Baadhi ya Honda za zamani huenda kinyume. Ikikwama usiivunje kwa bomba refu la kuongeza nguvu. Ongeza oili nyepesi ya kulainisha kutu, iache siku mbili tatu, ujaribu tena taratibu.

Ikizunguka, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na viungio vya koili, funika matundu ya plagi kwa kitambaa, kisha upige stata sekunde kumi, upumzishe dakika moja, upige tena, hadi taa nyekundu ya oili izime. Sasa oili imefika kwenye beringi zote. Rudisha plagi, viungio vya koili na fyuzi.

Kimya, au "tik tik tik"

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa betri ndiyo inayokamatwa mara nyingi, na ndiyo inayouawa kwa kutojua hesabu ndogo.

Gari lililozimwa halijalala kabisa. Alamu, saa, kompyuta na kipokezi cha rimoti vinaendelea kunywa umeme kidogo. Kiwango kisichozidi miliampia 50 ni cha kawaida. Miliampia 50 kwa saa 24 ni ampia-saa 1.2 kila siku. Betri ya ampia-saa 45 ikiwa imejaa itafika nusu ndani ya siku 19, na itakauka baada ya siku 37 hivi. Ukiongeza kifaa cha kufuatilia gari, siku zinapungua. Betri ya risasi ikikaa tupu, fuwele za salfeti hugandamana kwenye bamba zake na kuwa ngumu, na hapo chaja yoyote itahangaika bure. Joto nalo huongeza kasi ya betri kujimaliza yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu.

Pima kwa mita ya umeme, gari limezimwa na betri imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 au zaidi imejaa. Volti 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 ni tupu. Chaji polepole: gawa ampia-saa kwa kumi, yaani betri ya 45 ipewe ampia 4 hadi 5 kwa muda wa saa kumi au kumi na mbili. Ikiwa ni betri ya kuongezwa maji, bamba zifunikwe kwa maji ya betri yaliyosafishwa. Maji ya bomba yana madini, na tindikali mpya inavuruga kipimo. Chajia mahali penye hewa, mbali na jiko la makaa au sigara, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Baada ya kuchaji iache usiku mzima ndipo upime. Ikishuka yenyewe chini ya 12.4, au ikidondoka chini ya volti 9.6 wakati stata inapigwa, imekufa. Chaja inayosema "imejaa" baada ya nusu saa tu kwa betri iliyokuwa tupu miezi mitano inakupa habari hiyohiyo.

Kama volti ni nzuri lakini unasikia "tik tik", tazama vichwa vya betri. Unga mweupe wenye rangi ya kijani au samawati ni kutu ya tindikali, na unazuia umeme hata kama nati imekazwa sana. Ondoa hasi kwanza, kisha chanya. Mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi ya kuoka, sugua kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae, kausha, rudisha chanya kwanza, halafu upake vaselini juu. Fuata pia waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Bolti hiyo huota kutu bila kuonekana.

Ukilazimika kubusti kutoka gari jingine, chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari zima ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Waya zikigeuzwa, fyuzi kuu na dayodi za alteneta huungua papo hapo. Gari likishawaka pima tena kwenye betri: kati ya volti 13.8 na 14.5 alteneta inafanya kazi. Na usitegemee alteneta ifufue betri tupu kwa safari ya kwenda sokoni na kurudi. Ipe chaja usiku kucha.

Betri mpya nayo ikiisha baada ya wiki moja, tafuta kinachonyonya. Weka mita kwenye ampia 10 kati ya kichwa cha hasi na waya wake, funga milango, ngoja nusu saa kompyuta zilale, usome. Ikizidi miliampia 50, chomoa fyuzi mojamoja. Ile inayoangusha namba ndiyo njia ya mwizi. Redio na alamu zilizoongezwa baadaye ndizo washukiwa wa kwanza.

Stata inazunguka vizuri, injini haiwaki

Weka ufunguo kwenye hatua ya kuwasha bila kupiga stata, usikilize chini ya siti ya nyuma. Kwenye magari mengi ya petroli pampu hunguruma sekunde mbili hivi. Isiponguruma, kagua fyuzi na rilei yake, kisha waya. Pampu iliyokaa ndani ya petroli mbovu mwaka mzima huganda kabisa.

Petroli huchakaa. Sehemu nyepesi zinazosaidia injini baridi kuwaka huvukiza, na zinazobaki huanza kuwa kama gundi. Miezi mitatu ni salama, sita ni ya mashaka, na baada ya mwaka petroli inanuka kama rangi ya mlango iliyooza. Iliyochanganywa ethanoli huvuta unyevu pia, na maji yakikusanyika hushuka chini kabisa, palepale pampu inapofyonza. Ikiwa ni miezi mitano na tangi lina robo, ongeza petroli mpya lita 20 uchanganye. Ikiwa ni mwaka, mwaga yote na ubadilishe filta. Petroli hiyo isiende mtaroni wala kwenye kinamasi.

Ukipiga stata muda mrefu ukanusa petroli nyuma kwenye ekzosi, plagi zimelowa. Kanyaga ekseleta hadi mwisho na upige stata sekunde tano. Magari mengi yenye injekta za kompyuta hukata mafuta ukifanya hivyo, na hewa hukausha silinda.

Dizeli ina ugonjwa wake. Mpakani mwa maji na dizeli, chini ya tangi, huota vijidudu, na uchafu wao ni ute mweusi unaoziba filta. Hiace au Hilux iliyolala misimu miwili ya mvua ilegezwe skrubu ya chini ya filta, maji yatoke kwenye chupa angavu uyaone: maji yatakaa chini, dizeli juu. Badilisha filta, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake hadi iwe ngumu. Ikibaki laini, hewa inaingia mahali.

Baada ya mafuta, panya. Wanapenda waya za injekta na za vihisi zilizo juu ya injini, kwa sababu hapo huwa na joto na wamejificha. Fuata kila mkungu wa waya kwa vidole, pole pole, hasa upande wa chini usioonekana. Utahisi mahali gamba limekwisha na shaba imebaki kama nywele. Waya iliyotafunwa ilehemiwe na kuvishwa mpira wa kubana kwa joto. Kusokota na kuzungushia selotepu hudumu hadi mvua ya kwanza, halafu shaba inageuka kijani na hitilafu inakuwa ya kuja na kuondoka, ngumu kupita zote kuitafuta.

Na kama taa ndogo ya ufunguo au kufuli inamwekamweka kwenye dashibodi, gari halitambui ufunguo. Kwa gari la kuwashwa kwa kitufe badilisha betri ya rimoti kwanza; la ufunguo wa kawaida, jaribu ufunguo wa pili.

Linawaka, kisha linazima

Likitetemeka tu likiwa limesimama, na betri ilikuwa imetolewa, kompyuta imesahau kipimo chake cha hewa. Liache lingurume dakika kumi hadi lipate moto, kisha liendeshe kilomita chache. Likitetemeka na kutoa sauti ya kufyonza, hozi ya hewa imetobolewa au imepasuka kwa ukavu.

Likizima baada ya dakika tano au kumi, na baada ya kupumzika likawaka tena, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, "fyuu", tangi lilikuwa halipumui. Nyigu anayejenga kwa tope amepata tundu la kupumulia tangi na kulipiga lipu. Ukiitazama kwa karibu, ni kizibo kidogo cha udongo mwekundu, laini kama kimepigwa mwiko, na ndani yake buibui waliopooza na funza mmoja. Kitoe kwa waya mwembamba kutoka nje. Hewa ya kompresa hukisukuma ndani zaidi. Tundu la maji ya kiyoyozi na vile vya kunyunyizia kioo huzibwa vivyo hivyo.

Injini inanguruma, gari halisogei

Kwenye breki za ngoma, breki ya mkono iliyovutwa miezi mingi gereji yenye unyevu hushikamana: viatu vya breki vinaota kutu pamoja na ngoma. Achia breki ya mkono, jaribu kurudi nyuma kidogo, kisha mbele kidogo, kwa gia tu na bila kuongeza mafuta. Mara nyingi utasikia "tak" moja na gari litaondoka.

Lisipoondoka, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mbao, inua nyuma kwa jeki, weka stendi, toa gurudumu. Gonga uso wa ngoma kwa nyundo katikati ya bolti, ukizunguka. Ngoma za Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti za milimita 8 ukaze kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, na ngoma itatoka yenyewe. Ndani usipulize vumbi, kwa sababu viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto. Osha kwa maji ya sabuni. Kagua kama kipande cha msuguano kimebanduka kutoka kwenye chuma chake. Kikibanduka hata ncha tu, badilisha pande zote mbili. Kipande hicho kikitoka safarini hufunga gurudumu ghafla.

Kwa gari la gia za mkono kuna tatizo la kufanana nalo: klachi imekanyagwa hadi chini, gia haiingii au inasaga. Sahani ya klachi imeshikana kwa kutu na gurudumu la injini. Pasha injini moto dakika kumi na tano, izime, tafuta uwanja mtupu mbele, weka gia ya pili, kanyaga klachi na breki kwa pamoja, piga stata. Mara moja au mbili hutosha. Ikikataa, gia boksi ishushwe.

Likishatoka, usiamini breki mpaka uzijaribu. Kutu nyembamba ya diski huondoka baada ya kukanyaga breki mara kumi hadi kumi na tano kwa mwendo mdogo, na kelele yake ya kukwaruza ni ya kawaida. Pedali ikipiga mguu hata baada ya kilomita 20, diski imechimbika. Gari likivuta upande mmoja, endesha kilomita tano, simama, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Yenye moto kuliko wenzake ina kalipa iliyokwama. Toa pini zake za kutelezea, safisha, paka grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira na tatizo linarudi.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, gari litembee au lisitembee. Yanavuta unyevu hewani. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 yakiwa mapya, na 140 tu yakishanywa maji. Kampala mjini huenda usione tofauti. Ukiteremka kutoka Kapchorwa, au kwenye kona za kati ya Kabale na Kisoro, mafuta yanachemka, mapovu yanajaa bombani, na pedali inazama hadi sakafuni.

Uvundo, ukungu na zulia lenye maji

Bonyeza zulia la miguu kwa kiganja, upande wa dereva na wa abiria. Likitoa maji, tafuta yalikotoka kabla ya kulikausha. Chini ya kioo cha mbele, penye wipa, kuna mfereji, na majani ya mwembe huuziba hadi maji ya mvua yapande na kumwagikia ndani. Kama zulia linanata na kunuka utamu, ni maji ya rejeta kutoka kwa hita. Inua zulia lote pamoja na sponji ya chini yake, anika juani siku mbili. Kukausha juu tu huacha bati likiendelea kuoza.

Ukungu wa siti na stelingi ufutwe kwa siki na maji nusu kwa nusu, milango wazi, barakoa usoni. Kisha toa kichujio cha hewa ya ndani, ambacho kwa Toyota nyingi kiko nyuma ya sanduku la dashibodi mbele ya abiria. Uvundo wa panya aliyekufa hukaa hapo. Hii ndiyo sababu hatupendekezi sumu ndani ya gari: panya huila, kisha huingia kwenye njia za hewa kufa. Mtego wa kubana unakuonyesha maiti iko wapi.

Kulilaza vizuri mara nyingine

Haya yote yanazuilika kwa siku moja ya kazi na fundi mmoja.

Osha gari, na zaidi ya juu osha chini: udongo mwekundu uliojaa kwenye matao ya magurudumu hushika maji kama sifongo. Liendeshe kilomita 20 likauke, breki pia zikauke. Badilisha oili na filta yake kabla ya kulaza, maana oili iliyotumika ina tindikali na maji yanayokula beringi kimyakimya. Injini nyingi za lita 1.5 hadi 1.8 huchukua lita 3.5 hadi 4. Rejeta iwe na mchanganyiko wa nusu maji safi nusu kulanti, dawa ya rejeta. Huko kwenye baridi huwekwa dhidi ya kuganda. Huku kazi yake ni kuzuia kutu na kuchemka, na maji matupu hayafanyi hivyo.

Jaza tangi hadi karibu na juu, ili pasiwe na nafasi ya hewa yenye unyevu. Kama umepata dawa ya kutunza petroli, tia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, halafu uwashe dakika kumi ifike kwenye injekta.

Matairi yajazwe hadi pauni 40, mradi isizidi namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Gari likisimama palepale miezi mingi tairi hupata bapa, na ukiondoka linagonga "dum dum dum". Bapa dogo hupotea baada ya kilomita 20 au 30. La mwaka mzima halipotei. Kulaza kunakozidi miezi sita, weka gari juu ya stendi nne, stendi zikae chini ya mikono ya saspensheni ili shokomzoba zisining'inie. Kama huna stendi, mtu alisukume robo mzunguko wa gurudumu kila mwezi. Breki ya mkono iachiwe. Weka gia na vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu.

Betri itolewe, ihifadhiwe ndani, ichajiwe kila mwezi. Kabla ya kuitoa hakikisha ufunguo wa chuma unafungua mlango wa dereva, na usifunge buti linalofunguka kwa umeme huku chaja au spana zikiwa ndani yake. Mahali umeme haufiki, paneli ya sola ya wati 10 yenye kidhibiti chaji inatosha kabisa kulisha zile ampia-saa 1.2 za kila siku.

Ziba ekzosi na mdomo wa kufyonza hewa kwa wavu mgumu wa matundu madogo. Wavu wa kuku una matundu yanayopitisha panya mtoto. Andika orodha ya kila ulichoziba na uifunge kwenye stelingi kwa utepe mwekundu. Toa kila chembe ya chakula, hata ganda la ndizi. Kama gereji ni kavu, acha vioo wazi kwa upana wa kidole, uweke wavu juu. Kwa kufunika tumia kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki hufungia unyevu, na rangi huota malengelenge. Gari la nje lisiwe chini ya mfenesi: fenesi moja lililoiva laweza kupita kilo 20, na hudondoka usiku bila upepo.

Neno la mwisho ni kwa shemeji aliyeachiwa ufunguo na kuambiwa "liwashe kila Jumapili dakika tano". Tafadhali acha. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Injini ya dakika tano haipati moto wa kuyafukuza, hivyo yanabaki kwenye oili na ndani ya sailensa, inayooza kutoka ndani hadi itoboke. Betri nayo haijarudishiwa hata ule umeme stata iliotumia. Ama litembee angalau kilomita 20 mara moja kwa mwezi, na kiyoyozi kikiwashwa dakika kumi ili mipira yake isikauke, ama liachwe lilale.

Siku ya kulitoa, kaza nati za magurudumu, niutonimita 103 kwa Toyota nyingi ndogo, na uzirudie baada ya kilomita 50. Tazama tarehe ya bima kabla ya kufika barabarani. Mkanda ukipiga mlio asubuhi ya kwanza, kutu ya puli itajisugua yenyewe. Ukiendelea siku ya tatu, ubadilishwe. Gari lililoamshwa bila kubadilishiwa oili lipewe oili mpya na filta kabla ya kilomita 500.